Faili Ilizaliwa Mwaka Gani?

Fundi aliyenifundisha kazi ya mabango hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, alikuwa na brashi, chaki, kamba na kopo la rangi ya mafuta. Herufi zilikaa mkononi mwake. Mwenye lori akitaka jina lake mlangoni, kamba ilinyooshwa, mstari ukapigwa kwa chaki, na kufikia jioni kazi imekauka.

Mji wenyewe ulitulisha. Reli ilipita hapa kuelekea Kampala, ikafika huko mwaka 1931, na baadaye malori yakajaa mpakani. Wilaya ya Teso ilipokatwa kutoka Busia miaka ya 1990, ofisi zake za Amagoro zilitaka vibao vipya. Kaunti zilipoanza mwaka 2013, vibao vikabadilika tena. Katikati hapo, Februari 2004, sheria za Waziri John Michuki zilizipaka matatu mstari wa manjano, na mafundi wa brashi wakawa na foleni.

Kisha ikaja mashine ya kukata stika, na nyuma yake kompyuta. Corel, kampuni ya Ottawa nchini Kanada, ilitoa CorelDRAW mwaka 1989, na ndiyo programu iliyoenea katika karakana zetu. Faili yake ni ya vekta, yaani imebeba maelekezo ya mchoro: anzia hapa, pinda pale, jaza nyekundu. Ndiyo maana nembo ya kadi hukuzwa ikatosha ukuta mzima bila kuchakaa. Lakini maelekezo yanahitaji msomaji anayeyaelewa.

Hapo ndipo mpaka unapotutesa. Mteja anachorewa bango Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, anavuka na flashi mfukoni, anaichomeka kwangu, na kompyuta inagoma. Mteja anadhani faili imeoza. Mara nyingi ni nzima kabisa. Imehifadhiwa kwa toleo jipya kuliko langu. Toleo jipya husoma mafaili mengi ya zamani, ila la zamani halisomi ya mbele yake.

Kwa hiyo nawafundisha vijana kuifungua nakala ya faili kwa Notepad na kutazama herufi za kwanza. Wakiona RIFF kwenye faili ya CorelDRAW, ni ya kabla ya toleo la X4, lililotoka mwaka 2008. Wakiona PK, ni ya X4 au baada yake, kwa sababu tangu hapo faili hufungwa kama kifurushi cha zip. PK ni Phil Katz, Mmarekani aliyebuni zip mwaka 1989. Badilisha mwisho wa jina la nakala uwe .zip, ifungue, na ndani utakuta picha ndogo ya mchoro. Kuchapa haifai, ila inatosha kumwonyesha mteja kwamba bango lake lipo.

Faili ya Illustrator, programu nyingine ya kuchora, nayo ina historia yake. Tangu toleo la 9, la mwaka 2000, hubeba PDF ndani yake, hivyo kisomaji cha PDF huionyesha. Mchoraji akiondoa alama ya kuhifadhi PDF, unapata ukurasa wenye ujumbe kwamba haina PDF. Hapo mrudie yeye, hakuna ujanja.

SVG, aina nyingine ya faili ya vekta, iliyoidhinishwa kuwa kiwango cha wavuti mwaka 2001, ni maandishi matupu, na kivinjari hukutajia mstari ulioharibika. Mkosaji wa kawaida ni alama ya &, inayopendwa sana kwenye majina ya maduka. Mtu akiiandika faili kwa mkono lazima aandike & badala yake.

Lipo kosa lisilotoa ujumbe wowote: faili inafunguka, lakini herufi si zile. Fonti ilibaki kwenye kompyuta ya Kampala. Dawa yake ni mchoraji kugeuza herufi zote ziwe mistari kabla ya kutuma, na kuongeza nakala ya PDF.

Karibu kila mgomo una tarehe yake. Ndiyo sababu hapa karakanani kijana haruhusiwi kumpigia simu mchoraji kumlaumu kabla hajanitajia faili ilizaliwa enzi ya toleo gani.