Nyumba Inayokumbusha: Ziara ya Kenwood

Neno makumbusho latokana na kitenzi kumbusha, yaani kumfanya mtu akumbuke. Hivyo, kila tuingiapo katika makumbusho yatupasa kuuliza: tunakumbushwa nini, na nani amesahauliwa? Nitalijadili swali hilo kwa kuitazama nyumba moja, Kenwood, iliyoko Hampstead, kaskazini mwa London.

William Murray, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu na kupewa cheo cha Lord Mansfield, aliinunua mwaka 1754. Kati ya 1764 na 1779 msanifu Robert Adam aliibadilisha kwa kuiga majengo ya Wayunani na Warumi wa kale: nguzo ndefu mlangoni, na maktaba yenye dari iliyopinda na kunakshiwa. Mwaka 1925 ilinunuliwa na Edward Cecil Guinness, Lord Iveagh, aliyeiachia taifa pamoja na picha zake, zikiwemo za Rembrandt na Vermeer. Umma ulifunguliwa milango mwaka 1928.

Aghalabu mgeni huishia kustaajabia dari na picha. Lakini humo aliishi pia Dido Elizabeth Belle, aliyezaliwa mwaka 1761. Baba yake, Sir John Lindsay, alikuwa mpwa wa Mansfield. Mama yake, Maria Belle, alikuwa mtumwa mwenye asili ya Kiafrika. Dido alilelewa kama mmoja wa jamaa, ila mgeni mmoja wa mwaka 1779 aliandika kwamba hakuketi mezani na wageni wakati wa chakula. Alijiunga na wanawake baadaye, kwenye kahawa.

Mwaka 1772 Mansfield aliamua kwamba James Somerset, mtumwa, hangeweza kuondolewa Uingereza kwa nguvu. Hata hivyo, katika wasia wake aliona haja ya kuthibitisha kuwa Dido ni huru. Uhuru usiotiliwa shaka hauhitaji kuthibitishwa.

Msomaji wa pwani yetu atamkumbuka suria. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba huzaliwa huru na hurithi. Katika makoloni ya Uingereza mtoto alifuata hali ya mama. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini haituondolei deni: suria mwenyewe alikuwa mtumwa, na mara nyingi jina lake halikuandikwa.

Basi tuzurupo majumba yetu ya Lamu na Unguja, tusikomee kwenye milango ya nakshi. Tuulize pia ni nani aliyeteka maji, na aliitwa nani.