Kipande na nafasi iliyoachwa wazi

Kipande, kitambulisho cha kazi katika Kenya ya kikoloni, kilikuwa rekodi yenye nafasi zilizopewa majina: jina la mwenyewe, kabila, mahali atokako, alama za vidole, kisha jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kuwa nacho akitoka nje ya rizavu yake, yaani eneo lililotengewa kabila lake. Mkamba aliyepanda gari moshi Emali kwenda kutafuta kazi Nairobi au Mombasa alikibeba ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inia shingoni.

Nafasi ya hatari ilikuwa ya mwisho. Siku ya kuachishwa iliandikwa na mwajiri, naye ndiye aliyetia saini. Akikataa, au akisahau, kipande kilionyesha kwamba mtu bado yuko kwa bwana yule yule. Hakuna mwingine aliyeweza kumwandika kihalali, na askari angemkamata kama mtoro. Nafasi tupu ilibeba maana mbili, "bado yuko kazini" na "hakuandikiwa", na aliyeadhibiwa kwa utata huo hakuwa yule aliyeshika kalamu. Dhuluma hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapinga mwanaharakati Harry Thuku mwaka 1921. Kipande kiliondolewa 1947, kwa sheria ya usajili iliyowahusu watu wa rangi zote.

Tatizo hilo hilo la nafasi tupu limewashughulisha watunzi wa lugha za kompyuta za kifunksheni. Haskell, mojawapo ya lugha hizo, ilipata rekodi zenye nafasi za majina katika toleo la 1.3, mwaka 1996. Anayeunda rekodi ya mfanyakazi akaacha siku ya kuachishwa, kwa kawaida hupata onyo tu. Programu huanguka baadaye, nafasi hiyo inaposomwa, pengine mbali kabisa na kosa lilipofanyika. Lugha nyingine za aina hiyo, OCaml na F#, hukataa rekodi pungufu papo hapo. Ndani ya Haskell pia kuna kinga: nafasi ikitiwa alama ya mshangao katika tangazo la aina, kompaila haikubali iachwe. Na pale ambapo siku yenyewe inaweza kweli kutokuwepo, aina iitwayo Maybe, pamoja na alama hiyo, humlazimu mwandishi aseme wazi: Nothing kwa aliye kazini bado, Just na tarehe kwa aliyeachishwa.