Suti ya maji na suti kavu

nm [i-/zi-] Mavazi mawili ya kujikinga na baridi, yavaliwayo na watelezao majini kwa ubao wa tanga. Suti ya maji, ya mpira wa neoprini wenye viputo vya gesi, hubana mwili. Maji machache hupenya yakapashwa joto na ngozi. Ikipwaya, maji baridi huingia na kutoka, na kinga hupotea. Suti kavu huzuia maji shingoni na vifundoni. Jina lisipotoshe: ukavu si joto. Avaaye suti kavu ya kitambaa chepesi bila nguo nzito ndani, akianguka katika Bahari ya Kaskazini majira ya baridi, mikono hufa ganzi akashindwa kurudi ubaoni. *Alitanguliza fulana ya sufu, ndipo akavaa suti kavu.*