Mkalimani aliyefika kwenye meza ya wakubwa: safari ya Louise Mushikiwabo, na sisi tusio na balozi

Kwenye historia zetu mara hii tumemchukua mama mmoja ambaye jina lake hapa Kigali kila mtu analijua, ila safari yake wengi tunaijua nusu nusu: Louise Mushikiwabo. Alikuwa Waziri wa Habari, akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Rwanda kwa karibu miaka tisa, kisha mwaka 2018 akachaguliwa Katibu Mkuu wa Francophonie, yaani jumuiya ya nchi zinazotumia Kifaransa, yenye makao yake Paris.

Tuseme ukweli mapema: kumchagua yeye kulileta mabishano. Kundi letu lina watoto wa Kivu, lina Warundi, lina waliozaliwa kambini ambao Congo wanaisikia kwa wazazi tu. Wapo waliosema, huyu mama alikuwa sauti ya serikali kipindi kile nyumbani kwetu kunawaka moto, sasa tumwandike sisi? Wengine wakasema, kwani kusoma historia ya mtu ni kumpigia makofi? Tulipomaliza kubishana tulikubaliana hivi: tutaandika kilichotokea, yale machungu pia, halafu kila mmoja atabaki na moyo wake.

Tuanze mwanzo. Mushikiwabo alizaliwa mwaka 1961 Jabana, pembeni ya Kigali, mtoto wa mwisho kati ya tisa. Baba yake alikuwa mshika vitabu vya hesabu kwenye shamba la kahawa. Hiyo ni miaka ambayo Watutsi wengi walikuwa wameshakimbilia Burundi, Uganda na Congo. Paul Kagame, ambaye baadaye angemteua kuwa waziri, alikulia kwenye kambi ya wakimbizi Uganda. Familia ya Mushikiwabo yenyewe ilibaki ndani ya nchi. Kwa hiyo hakuwa mtoto wa kambi kama sisi.

Alichokuwa nacho ni lugha. Alisoma Kiingereza Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, kule Butare, akamaliza mwaka 1984. Hebu fikirieni: wakati ule Rwanda ilikuwa nchi ya Kifaransa, ofisi zote Kifaransa, na yeye akachagua Kiingereza. Akafundisha kidogo sekondari hapa Kigali, halafu mwaka 1986 akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha Delaware, kusomea lugha na ukalimani. Kule Kifaransa ndicho kikawa lugha yake kuu ya masomo. Alimaliza mwaka 1988 akabaki Washington kufanya kazi.

Mkalimani ni nani? Ni mtu anayesimama katikati ya wawili wasioelewana na kubeba maneno yasiyo yake. Akikosea neno moja, watu wanaweza kugombana. Akiongeza la kwake, ameharibu kazi. Sisi hiyo kazi tunaijua bila cheti. Ni nani katika kundi letu hajawahi kumsindikiza mama yake kwenye kituo cha afya na kumtafsiria daktari, kutoka Kinyarwanda kwenda Kiswahili, mambo ambayo mtoto hakupaswa hata kuyasikia? Tunafanya bure, na hakuna anayetuita wakalimani. Lakini ndo shule yenyewe hiyo.

Sasa tufike Aprili 1994. Mushikiwabo alikuwa Marekani. Kaka yake, Lando Ndasingwa, alikuwa waziri wa kazi na mambo ya jamii, kiongozi katika chama cha Liberal, na ndiye alikuwa Mtutsi pekee kwenye baraza la mawaziri. Wengi mnapita mbele ya jina lake bila kujua: ile hoteli ya Remera, Chez Lando, ni ya kwake. Tarehe 7 Aprili, siku ya kwanza kabisa ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Lando aliuawa pamoja na mke wake Hélène, aliyekuwa Mkanada, watoto wao wawili, na mama yake mzazi, ambaye ndiye mama wa Louise. Hoteli iliharibiwa. Dada yao, Anne-Marie Kantengwa, aliisimamisha tena, na mpaka leo ipo. Mwaka 2006 Louise alitoa kitabu kuhusu familia yake na nchi yake, Rwanda Means the Universe, alichoandika na Jack Kramer.

Kuna jambo moja la mwaka ule ambalo kila kijana anayetaka kuelewa diplomasia alijue. Mwaka 1994 Rwanda ilikuwa na kiti kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Yaani wakati watu wanauawa huku, mjumbe wa serikali iliyokuwa inaua alikuwa amekaa kule New York kwenye meza ileile iliyotakiwa kuzuia. Na tarehe 21 Aprili Baraza likapiga kura kupunguza askari wake wa amani waliokuwa Rwanda wabaki 270 tu. Kumbe kiti kinaweza kukaliwa na yeyote, na maneno mazuri yakasemwa juu ya makaburi. Tulikumbuke hilo, tutalirudia.

Baada ya Marekani, Mushikiwabo alienda Tunis kufanya kazi ya mawasiliano kwenye Benki ya Maendeleo ya Afrika. Hata hiyo benki, kwa namna yake, ilikuwa mkimbizi: mwaka 2003 ilihama Abidjan kwa sababu ya vita vya Côte d'Ivoire, ikakaa Tunis zaidi ya miaka kumi. Kutoka hapo, Machi 2008, Rais Kagame akamwita nyumbani awe Waziri wa Habari. Desemba 2009 akapewa Mambo ya Nje.

Hapa kuna kitu watu huchanganya. Rwanda inasifiwa kwa wanawake bungeni. Mwaka 2008 ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuwa na wabunge wengi wanawake kuliko wanaume, asilimia 56, na mwaka 2013 ikafika 64. Lakini Mushikiwabo hakupita mlango huo. Hapa waziri hawi mbunge kwa wakati mmoja. Waziri anateuliwa na rais, na aliyekuteua anaweza kukuondoa kesho asubuhi. Kwa hiyo nguvu yake haikutoka kwa wapiga kura wa mtaa fulani. Ilitoka kwenye kuaminiwa na aliyemtuma, na kwenye uwezo wa kusimama mbele ya wageni, kwa Kiingereza au Kifaransa, akajibu bila kutetemeka. Sifa ni hiyo, na mpaka wake ni huohuo.

Wakati anaingia, mambo mawili yalikuwa yameiva. Novemba 2009 Rwanda ilikubaliwa kwenye Jumuiya ya Madola, ile ya nchi za Kiingereza. Mwezi huohuo ikarudisha uhusiano na Ufaransa uliokuwa umevunjika mwaka 2006. Na mwaka 2008 serikali ilikuwa imeamua shule zifundishe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Waziri wa wakati huo alitakiwa aongee na pande zote mbili. Aliyesoma Kiingereza Butare na Kifaransa Delaware alikuwa mtu sahihi kabisa.

Sasa machungu. Mwaka 2012 kundi la M23 liliibuka Kivu ya Kaskazini, na tarehe 20 Novemba likaingia Goma. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika ripoti wakiishutumu Rwanda kulisaidia kundi hilo. Serikali ya Rwanda ilikataa katakata, na aliyesimama mbele ya dunia kukataa alikuwa Mushikiwabo. Oktoba mwaka huohuo Rwanda ilichaguliwa tena kwenye Baraza la Usalama kwa miaka 2013 na 2014. Februari 2013 nchi za kanda zikasaini Addis Ababa mkataba wa amani na ushirikiano kwa ajili ya Congo. Machi, Baraza likapitisha azimio la kuunda kikosi maalumu cha kupigana na makundi yenye silaha mashariki ya Congo, chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Lilipita kwa kura zote, ya Rwanda ikiwemo. Mwezi uliofuata, Aprili, zamu ya uenyekiti wa Baraza ilikuwa ya Rwanda, na Mushikiwabo akakaa mbele kuongoza mjadala kuhusu kuzuia migogoro Afrika.

Mnaona mambo yanavyokutana? Aprili 1994 meza hiyo iliiacha familia yake. Aprili 2013, miaka kumi na tisa baadaye, yeye anaiongoza. Kwa aliyepoteza mama na kaka, hilo si dogo, na sisi hatutalidharau. Lakini wakati huohuo kulikuwa na akina mama wa Rutshuru na Masisi waliokuwa wanafunga mizigo, na baadhi yao ndio mama zetu. Kwao ile meza ilikuwa mbali sana. Mambo haya mawili yote ni kweli, na hakuna linalofuta lingine. Wahenga walisema mjumbe hauawi, maana maneno aliyoyabeba si yake. Sawa. Ila waziri ni zaidi ya mjumbe, kwa sababu yeye pia hukaa pale ujumbe unapotungwa. Kila mmoja wetu apime mwenyewe.

Tusonge hadi Yerevan, Armenia, Oktoba 2018. Francophonie inachagua Katibu Mkuu. Aliyekuwepo ni Michaëlle Jean wa Kanada, anataka awamu ya pili. Anayempinga ni Mushikiwabo, ameungwa mkono na Umoja wa Afrika na Ufaransa. Kanada yenyewe, kabla ya uamuzi, ikaacha kumtetea mtu wake. Mushikiwabo akapita. Wengi waliuliza, inakuwaje nchi iliyotoa Kifaransa shuleni ipewe kuongoza Kifaransa? Jibu ni kwamba diplomasia ni hesabu za marafiki. Nchi nyingi za jumuiya hiyo ni za Afrika, na Paris ilitaka kutengeneza uhusiano wake na Kigali. Novemba 2022, kule Djerba, Tunisia, alichaguliwa tena bila mpinzani.

Lakini tusimpite haraka yule aliyeshindwa. Michaëlle Jean alizaliwa Haiti, na mwaka 1968, akiwa mtoto, familia yake ilikimbia udikteta wa Duvalier ikaingia Kanada kama wakimbizi. Mtoto huyo wa mkimbizi alisoma lugha, akawa mtangazaji, na mwaka 2005 akawa Gavana Mkuu, mwakilishi wa Malkia katika nchi iliyompokea. Mwaka 2014 akachaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Francophonie. Kwa hiyo Yerevan walikutana wanawake wawili weusi, wote watu wa lugha, mmoja aliyepoteza watu wake na mmoja aliyepoteza nchi yake.

Sasa sisi tunapata nini? La kwanza, ni kujua tunachokosa. Raia akipata shida nchi ya watu, anaenda ubalozini. Mkimbizi haendi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unasema hata kujirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi uliyoikimbia kunaweza kukuondolea hadhi ya ukimbizi. Kwa hiyo Mrundi au Mkongomani mwenye kadi ya ukimbizi hapa Kigali hana waziri wa mambo ya nje. Lakini mkataba huohuo haukutuacha hivihivi: kifungu cha 25 kinaitaka nchi iliyokupokea ikupatie au ikuwezeshe kupata zile karatasi ambazo kwa kawaida ungepewa na nchi yako, na cha 28 kinahusu hati ya kusafiria. Ukienda ofisini ukazungushwa, usiombe kama anayeomba msaada. Taja kifungu, kwa heshima, kwa lugha wanayoielewa.

La pili, ni lugha zetu. Nyamirambo na Biryogo zimeongea Kiswahili tangu wakati wa ukoloni, na kuna wakati kilidharauliwa kama lugha ya mtaani. Mwaka 2017 Rwanda ikakifanya lugha rasmi. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka huohuo Umoja wa Afrika ukakikubali Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Mikutano yote hiyo itahitaji wakalimani na waandishi wa kumbukumbu. Kijana wa hapa anayeongea Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa na Kiingereza cha shule anajiona hana kitu kwa sababu hana pasipoti. Kumbe ana lugha tano, na Mushikiwabo alianza na pungufu ya hapo. Kinachobaki ni kuzisoma vizuri, kwa maandishi, mpaka upate cheti.

La tatu ndilo gumu. Siku mmoja wetu akifika kwenye meza ya namna ile, atakuwa anaongea kwa niaba ya nani? Ile meza ya 1994 ilikuwa na mtu aliyejua itifaki yote na lugha zote, na haikusaidia kitu. Kujua kuongea ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukumbuka, wakati unaongea, wale waliofunga mizigo usiku.