Siku ya Kura, Namna ya Kura, na Wajibu wa Mlinzi

Wazazi wanapokusanyika katika uwanja wa shule kumchagua mwenyekiti wa kamati yao, au wanakijiji wanapojipanga nyuma ya jirani wanayemtaka awe kiongozi wao, mlinzi aliyesimama kando huiona kazi yake kuwa nyepesi. Hakuna majeshi ya adui, hakuna mipaka ya kulinda, na mshindi hatapewa jumba wala gari. Hata hivyo historia ya Rwanda inafundisha kwamba chaguzi za chini kabisa ndizo zilizopata kuigeuza nchi nzima, na kwamba maswali mawili yanayoonekana kuwa ya makarani peke yao, yaani kura ipigwe namna gani na ipigwe lini, ni maswali ya usalama wa taifa.

Mfumo wa kuchagua mabaraza ulianza katika nchi hii chini ya utawala wa Ubelgiji. Amri ya tarehe 14 Julai 1952 iliweka mabaraza kuanzia eneo la chifu mdogo hadi Baraza Kuu lililomzunguka Mwami. Katika uchaguzi wa mwaka 1953 chifu mdogo ndiye aliyeandika orodha ya watu waliofaa kuchagua, kwa hiyo aliyetawala alijichagulia wapiga kura wake. Mwaka 1956 Gavana Jean-Paul Harroy alibadilisha utaratibu huo, akawaruhusu wanaume wote wazima kupiga kura katika ngazi ya chini. Lakini ngazi za juu ziliendelea kujazwa kwa kuchaguana wenyewe kwa wenyewe. Matokeo yake ni kwamba chini yalionekana mabadiliko, na huko juu mamlaka yalibaki mikononi mwa walewale. Wananchi waliambiwa wamechagua, na mara wakaona kwamba kura yao haikufika mbali.

Kisha ukaja mwaka 1959. Mwami Mutara III alifariki tarehe 25 Julai huko Bujumbura, na kuanzia tarehe 1 Novemba machafuko yakaenea milimani. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na maelfu ya Watutsi walikimbia, wengine nje ya mipaka, wengine wakapelekwa Nyamata katika nchi ya Bugesera. Ubelgiji ilimleta kutoka Kongo Kanali Guy Logiest pamoja na askari wa Force Publique, ikampa mamlaka ya Mkazi maalumu wa kijeshi. Kazi ya kwanza ya askari ni kurudisha utulivu. Logiest hakuishia hapo. Aliwaondoa machifu na machifu wadogo zaidi ya 300, akaweka wengine wa upande aliouchagua yeye mwenyewe, na baada ya hapo akasimamia uchaguzi.

Uchaguzi huo ulikuwa wa mabaraza ya komini, kitengo kipya kilichochukua nafasi ya maeneo ya machifu wadogo. Ulifanyika kati ya mwisho wa Juni na mwisho wa Julai 1960, katika komini 229. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru nchi mapema mwaka huo ulikuwa umesisitiza mapatano kati ya vyama. Shauri hilo halikusubiriwa. Kura ilipigwa wakati majivu ya nyumba zilizochomwa yalikuwa hayajapoa, wakimbizi walikuwa mbali na vijiji vyao, na chama cha UNAR kilikuwa kimetangaza kuususia uchaguzi. Katika viti 3,125 vya madiwani, chama cha PARMEHUTU kilipata 2,390, na UNAR 56 tu.

Mtu anaweza kusema kwamba matokeo yangekuwa yaleyale hata kama uchaguzi ungeahirishwa. Huenda ni kweli kwa upande wa hesabu ya viti. Lakini kura inayopigwa wakati wa hofu haiulizi ni nani atakayejenga barabara, atakayetunza kisima au atakayesimamia shule. Inauliza ni nani wa kwetu na ni nani adui. Uchaguzi uliokuwa wa mambo ya kijiji uligeuzwa kuwa hesabu ya makabila, na aliyeuweka katika siku hizo za moto alikuwa mtu mwenye cheo cha kijeshi aliyekuwa na upande.

Uthibitisho ulikuja upesi. Tarehe 20 Desemba 1960, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipendekeza kwamba uchaguzi wa bunge uliopangwa kufanywa Januari 1961 uahirishwe, ili wakimbizi warudi na pande zote zipatanishwe. Safari hii Ubelgiji ilikubali tarehe kusogezwa. Lakini tarehe 28 Januari 1961, huku Logiest akijua, madiwani na wakuu wa komini kutoka kila upande wa nchi walikusanywa Gitarama. Hapo wakatangaza kwamba ufalme umekwisha na kwamba Rwanda ni jamhuri. Dominique Mbonyumutwa akawa Rais, na Grégoire Kayibanda akawa Waziri Mkuu. Watu waliochaguliwa miezi sita nyuma kushughulikia kodi na njia za kijiji waliamua hatima ya dola, jambo ambalo wapiga kura wao hawakuwahi kuulizwa siku ya kura. Wananchi waliulizwa baadaye, tarehe 25 Septemba 1961, chini ya macho ya Tume ya Umoja wa Mataifa, katika kura ya maoni iliyoukataa ufalme na uchaguzi uliokipa PARMEHUTU viti 35 kati ya 44. Lakini wakati huo msingi ulikuwa umekwisha kujengwa, na jengo lilikuwa linaezekwa.

Kwa askari na polisi, sehemu yenye uzito zaidi ya hadithi hii ni ile iliyofuata. Mkuu wa komini, aliyeitwa burugumesta, alikuwa na polisi wake, yaani polisi wa komini, waliomtii yeye. Baada ya Meja Jenerali Juvénal Habyarimana kutwaa madaraka tarehe 5 Julai 1973, burugumesta hakuchaguliwa tena na wananchi, bali aliteuliwa na Rais. Kwa hiyo kwa muda wa miaka mingi mtu mwenye bunduki za kijijini aliangalia juu kwa aliyemteua, wala hakuangalia chini kwa waliomzunguka. Katika mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, komini nyingi ziligeuka kuwa mashine ya kuua. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa burugumesta wa Taba. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake kutolewa na mahakama ya kimataifa, na ndani yake suala la mamlaka yake juu ya polisi wa komini lilichunguzwa kwa makini. Kwa upande mwingine, komini ya Giti inakumbukwa kwa sababu uongozi wake uliyazuia mauaji. Cheo kilikuwa kilekile, na sheria ileile, lakini mtu hakuwa yuleyule. Ni dhahiri basi kwamba namna ya kumpata kiongozi wa chini si jambo la pembeni.

Mwaka 2000 polisi wa komini walifutwa, wakaunganishwa na jandarmeri na polisi wa upelelezi kuwa Polisi ya Taifa. Polisi wa leo hamtumikii mkuu wa kitongoji. Anaitumikia sheria.

Swali la namna ya kupiga kura halikuisumbua Rwanda peke yake. Nchini Kenya, chama cha KANU kiliamua mwaka 1986 kwamba wagombea wateuliwe kwa wanachama kujipanga mstari hadharani nyuma yao au nyuma ya picha zao. Wananchi waliuita utaratibu huo mlolongo. Katika uchaguzi wa mwaka 1988, aliyepata asilimia 70 katika mlolongo alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa, bila kura ya siri. Malalamiko yalienea kwamba mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Na hapo ndipo ulipoonekana udhaifu mkubwa wa mlolongo: watu wakisha kutawanyika, hakuna karatasi ya kuhesabiwa tena wala sanduku la kupelekwa mahakamani. Hasira iliyokosa pa kwenda iliingia mitaani. Desemba 1990, baada ya kamati iliyoongozwa na Profesa George Saitoti kuwasikiliza wananchi, KANU iliuondoa mlolongo pamoja na kanuni ya asilimia 70.

Uganda nayo inatoa funzo kuhusu wakati. Mabaraza ya vijiji yaliyoanzishwa chini ya uongozi wa Yoweri Museveni yalisifiwa kwa kuwapa wanakijiji sauti, na yalichaguliwa kwa kujipanga mstari. Lakini baada ya uchaguzi wa mwaka 2001, uchaguzi wa vijiji haukufanyika tena mpaka tarehe 10 Julai 2018. Kwa miaka 17 mwenyekiti wa kijiji aliendelea kutia muhuri barua za wananchi, ingawa mwaka 2007 mahakama ilikuwa imeamua kwamba mabaraza hayo hayakuwa halali tena. Kuahirisha kulikoanza kwa sababu moja kuliendelea kwa sababu nyingine, ikiwemo gharama, hata mtoto aliyezaliwa mwaka wa kura akakaribia umri wa kupiga kura yeye mwenyewe.

Katika Rwanda iliyojengwa upya, chaguzi zilianza tena kutoka chini. Kuanzia tarehe 29 hadi 31 Machi 1999 wananchi walichagua viongozi wa seli na sekta kwa kujipanga nyuma ya wagombea. Tarehe 6 Machi 2001, ulipofika uchaguzi wa wilaya, kura ya siri ilitumika. Baada ya mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006, nchi iligawanywa katika wilaya 30, na chaguzi za ngazi za chini zikafanywa mwaka huo, kisha 2011 na 2016. Kijijini, wananchi waliendelea kujipanga mstari.

Wanaoutetea mstari wana hoja zao. Hauhitaji karatasi, hauhitaji mtu kujua kusoma, matokeo hupatikana papo hapo, na gharama ni ndogo. Wanaoutilia shaka nao wana hoja isiyopuuzwa: katika nchi ambayo jirani alipata kumwogopa jirani, ni vigumu kumpa mtu mgongo mbele ya macho yake leo na kesho kwenda kumwomba msaada. Wote wawili wanasema kweli. Lililo muhimu ni kwamba ngazi ya chini kabisa, ambako kila mtu anamjua mwenzake, ndiko hasa ambako macho ya mwenzake humlemea. Kwa hiyo mlinzi anayesimama karibu na mstari anapaswa kujua kwamba hata yeye ni macho. Akimtazama mmoja kwa ukali na mwingine kwa tabasamu, amekwisha kupiga kura ambayo hakupewa.

Kuhusu wakati, mwaka 2021 ulitoa mfano mwingine. Uchaguzi wa serikali za mitaa uliopangwa mwanzoni mwa mwaka uliahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, ukafanyika Oktoba na Novemba mwaka huohuo, ukianza vijijini tarehe 23 Oktoba. Na katika ngazi ya taifa, Katiba ilirekebishwa tarehe 4 Agosti 2023 ili uchaguzi wa Rais na wa wabunge ufanywe pamoja. Muda wa wabunge ukaongezwa, na kura ikapigwa Julai 2024.

Mifano hii ikipimwa pamoja, kipimo kinachotoka ni rahisi kukieleza, ingawa si rahisi kukishika. Mabadiliko ya siku au ya namna ya kura yanafaa ikiwa yanaongeza idadi ya wanaoweza kufika na uhuru wao wa kusema, kama yametangazwa mapema kwa sheria, na kama siku mpya inajulikana tangu siku ya zamani inapofutwa. Yanakuwa ya hatari ikiwa anayeyaamua ndiye atakayeyanufaika, ikiwa sehemu ya wananchi imefukuzwa mbali na sanduku, au ikiwa kiporo cha kura ya kijiji kinapikwa upya kuwa uamuzi wa taifa. Mwaka 1960 ulikosa karibu yote. Uchaguzi ulifanywa, hesabu ilitolewa, lakini nchi haikupona.

Ndiyo sababu Katiba ya mwaka 2003 ilimkataza askari na polisi kujiunga na chama cha siasa. Katazo hilo si adhabu, wala si dharau kwa akili ya mwanajeshi. Linatokana na kumbukumbu ya kanali mmoja aliyetumwa kuzima moto, akajifanya mwenye nyumba. Mwenye sare ana haki yake ya kura kama raia, lakini sare yenyewe haina mgombea.

Vituo vingi vya kura katika Rwanda ni madarasa ya shule. Siku ya uchaguzi madawati husogezwa ukutani, na kesho yake watoto hurudi kuketi palepale. Mlinzi anayepangwa kwenye mlango huo hatakiwi kujua nani anafaa kushinda. Anatakiwa kujua saa ya kufungua, saa ya kufunga, na umbali wa kusimama. Akiyatimiza hayo kwa wote sawasawa, awe anachaguliwa mkuu wa wilaya au mzazi wa kamati ya shule, amelinda kitu ambacho bunduki haiwezi kukirudisha kikishavunjika, nacho ni imani ya mwananchi kwamba siku ya kura ilikuwa yake.