Ukusanyaji wa matoleo ya zamani ya Transition

Transition ni jarida la fasihi na siasa lililoanzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, mzaliwa wa mji huo, akiwa na umri wa miaka 22. Wakusanyaji huyathamini hasa matoleo ya Kampala, yaliyokoma mwaka 1968 baada ya serikali ya Milton Obote kumkamata Neogy pamoja na mbunge Abu Mayanja. Jarida lilifufuliwa Accra mwaka 1971, likaja kuhaririwa na Wole Soyinka, likabadilishwa jina kuwa Ch'indaba, kisha likafa mwaka 1976. Lilipoanza upya Marekani mwaka 1991, hesabu ya matoleo ilishika namba 51.

Toleo la 10, la Septemba 1963, lina makala ya Obi Wali aliyedai kwamba fasihi ya Kiafrika inayoandikwa kwa lugha za kikoloni haina pa kwenda. Lakini mwenye toleo hilo peke yake ana nusu tu ya ugomvi, kwa sababu majibu yalimiminika katika kurasa za barua za matoleo yaliyofuata. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 1966, Ali Mazrui alipomfananisha Kwame Nkrumah wa Ghana na mfalme wa Kirusi mwenye itikadi za Lenin. Barua hizo ndizo roho ya jarida, na ndiyo maana mfululizo usiokatika, hata wa nakala zilizochakaa, una maana kubwa kuliko nakala moja safi yenye makala mashuhuri.

Kurasa zimekwisha kuwekwa kwenye intaneti, ila karatasi bado ina yake. Nakala zilizojaladiwa na maktaba mara nyingi hunyofolewa majalada na matangazo ya biashara, hivyo nakala zisizojaladiwa, kama zilivyouzwa dukani, ni bora zaidi. Jina la mwandishi nalo ni la kuangaliwa: Ngũgĩ wa Thiong'o wa miaka ya mwanzo ya jarida ni James Ngugi, mwanafunzi wa Makerere.

Adui wakubwa ni unyevu, mchwa na selotepu, ambayo gundi yake hupenya na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Pini zilizoshika kutu zifunguliwe ncha kwa ndani, kwenye ukurasa wa kati, kisha zisukumwe taratibu. Zikivutwa kwa nje, hung'oka na kipande cha jalada. Maandishi ya penseli ya msomaji wa awali yasifutwe.