Siku 41 chini ya kifusi

Novemba 13, 2015, filamu ya The 33 iliingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani. Antonio Banderas aliigiza mmoja wa wachimbaji 33 waliofukiwa siku 69 mgodini San José, Chile, mwaka 2010. Siku mbili baadaye, wilayani Kahama, wanaume watano walitolewa hai kwenye shimo la Nyangalata. Walikuwa wamekaa humo siku 41, wakila mende, vyura na mizizi, wakinywa maji machafu yaliyochuruzika kutoka juu. Mwenzao wa sita alifia humo humo.

Katika filamu ile mlima unapasuka kwa kishindo, na mwanga unatosha kuona kila uso. Anayeshuka duarani Geita atacheka. Huko ni giza, na siku zenyewe hazihesabiki.

Waliokaribia ukweli ni wakongwe waliosahauliwa. Mwaka 1951 Billy Wilder alitoa Ace in the Hole: mwandishi wa habari anachelewesha uokoaji makusudi, ili habari yake isipoe. Haikupata watazamaji. (Sisi wa magazeti hatuna haraka ya kuitangaza.)

Ila ninayoipenda zaidi ni Kameradschaft ya G. W. Pabst, ya mwaka 1931. Chanzo chake ni mlipuko wa Courrières, Ufaransa, uliowaua watu 1,099 mwaka 1906. Siku 20 baada ya mlipuko ule, watu 13 walijitokeza wakiwa hai. Walikuwa wamekula hata farasi wa mgodini. Nyangalata ingewaelewa. Pabst aliyaacha hayo, akachukua jambo moja tu: wachimbaji wa Kijerumani walivuka mpaka kuwaokoa Wafaransa. Kila mhusika anasema lugha yake, wengine hawaelewani, lakini kazi inakwenda. Wahakiki waliisifu, Ujerumani haikujaza viti.

Niliikumbuka Januari 2017. Usiku wa tarehe 26, kifusi kiliziba njia katika mgodi wa Nyarugusu. Ndani walikuwamo watu 15: Watanzania 14 na Mchina mmoja. Tarehe 29 wote walitoka hai.

Pabst anamalizia chini ya ardhi. Mikono imeshapeanwa, hotuba zimeshatolewa huko juu. Humo mgodini maofisa wanarudisha wavu wa chuma kwenye mstari wa mpaka, kisha wanatiliana saini.